Kudaiwa na Kuwiwa

Mwaka jana nilimwandikia barua mjukuu wangu anayesoma Dodoma. Watu hunicheka kwamba bado naandika barua kwa mkono, lakini mkono uliozoea chaki na kalamu kwa miaka arobaini hauwezi kufundishwa mambo mapya kirahisi. Katika barua ile nilimpa habari za mzee mmoja wa hapa kwetu Handeni aliyenisaidia palizi nilipokuwa mgonjwa, nikaandika kwamba nawiwa naye. Baada ya siku chache kijana akapiga simu. Akaniamkia, akaniuliza hali ya bibi yake, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mkubwa wake na anaogopa kumvunjia heshima, "Babu, kuna mahali kalamu iliteleza. Umeandika 'nawiwa'. Nadhani ulikusudia 'nadaiwa'."

Kalamu haikuteleza. Nilimweleza hivyo, naye akaitika kama watoto wema wanavyoitikia, lakini nilijua hakuridhika. Nami baada ya kukata simu nilikaa barazani nikaona kwamba sikumjibu sawasawa. Jibu lenyewe ni refu, na sehemu yake moja sijawahi kumwambia mtu yeyote isipokuwa mke wangu. Nitaliandika hapa.

Kudaiwa ni kutendwa. Ili mimi nidaiwe, sharti awepo mtu anayedai: aje mlangoni asubuhi kabla sijanawa uso, au alete karatasi yenye mhuri, au atume ujumbe kama wafanyavyo siku hizi hawa wanaokopesha kwa njia ya simu, ambao hawachoki wala hawaoni haya. Akinyamaza yule anayedai, mimi sidaiwi tena. Hivyo ndivyo neno lenyewe linavyosema, na hivyo ndivyo wengi wetu tunavyoishi.

Kuwiwa si hivyo. Wazee walisema fulani ananiwia fedha, yaani haki yake iko kwangu. Nami nawiwa naye. Mwenye haki aliitwa mwia, na mwenye deni aliitwa mwiwa. Maneno haya yamo katika kamusi za zamani, kama ile ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka 1939, na walimu wa hisabati tungali tunalitumia moja la ukoo huo bila kulikumbuka, maana uwiano, somo lililowatoa jasho watoto wengi wa darasa la sita, limetokana na kuwiana. Sasa angalia tofauti, ndugu msomaji. Mwia anaweza kulala usingizi, anaweza kusahau, anaweza kuwa mbali asijue habari, anaweza hata kufa. Mwiwa angali mwiwa. Neno hili halingoji kelele za mtu. Linataja jambo lililopo kati ya watu wawili, lisemwe lisisemwe.

Basi swali langu ni hili: je, deni lisilodaiwa ni deni?

Mtu ataona hili ni swali la kupitishia muda. Kwangu halikuwa hivyo. Lilianza darasani Korogwe, nilipokuwa mwanachuo wa ualimu mwaka 1968. Mkufunzi wetu wa Kiingereza alikuwa akitufundisha vile vitenzi vidogo ambavyo Waingereza huvitumia kusema mtu anapaswa kufanya nini. Kulikuwa na kimoja kilichotusumbua, "ought", kwa sababu hakifuati wenzake. Hakina wakati ujao, hakina wakati uliopita, tena kinataka kishikwe mkono na neno "to" ambalo wenzake hawalitaki. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa uchovu, mbona neno hili ni kilema? Mkufunzi akacheka. Akasema si kilema, ni mzee. Akaandika ubaoni maneno matatu: "own", kumiliki, "owe", kuwiwa, na "ought", kupaswa. Akatuambia kwamba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Waingereza walikuwa na kitenzi kimoja, "agan", ambacho maana yake ilikuwa kuwa na kitu, kumiliki. Kitenzi hicho ndicho kilichokuja kuwa "owe", na hata wakati wa Shakespeare mtu aliweza kukitumia akimaanisha kwamba kitu ni chake. "Ought" ni wakati uliopita wa kitenzi hicho hicho, umejitenga na kujenga nyumba yake. Na "own" ni ndugu yao wa tumbo moja.

Treni ya Moshi ilikuwa ikipiga honi stesheni, nami nakumbuka nilishika kalamu bila kuandika. Watu gani hawa, niliwaza, wanaochanganya mwenye mali na mwenye deni? Kwetu aliye nacho ni mmoja na aliyekopa ni mwingine. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba hawakuchanganya kitu. Mwenye deni ndiye aliye nacho. Kama nimekopa jembe lako, jembe liko kwangu. Wewe mikono yako mitupu. Hata sisi husema nina mali na nina deni kwa kitenzi kimoja, wala hatushangai. Kilicho mkononi mwangu na ninachopaswa kukitoa kinaweza kuwa kitu kile kile, nacho hakibadiliki rangi wala uzito. Kinachobadilika ni kama namkumbuka aliyenipa.

Siku zile mawazo ya namna hiyo hayakuwa mageni. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa mfano wa kijiji chenye njaa ambacho humpa mtu mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Huyo akila asirudi, alisema, ni msaliti. Alituwazia sisi tuliosoma kwa jasho la wakulima. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, na sisi wanachuo tulilima tukiimba. Nilikubali kwa moyo wote kwamba nawiwa na taifa. Ni rahisi kukubali hivyo, kwa sababu taifa halina sura wala halisimami mlangoni. Nilikuja kushindwa na deni la mtu mmoja.

Mwaka 1973, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi wilayani Handeni, nilitaka kuoa. Mahari ilikwisha patikana isipokuwa mbuzi majike wawili. Mwalimu mwenzangu, aliyekuwa amenitangulia kazini kwa miaka michache na tuliyekaa naye nyumba moja ya shule yenye vyumba viwili, alinipa shilingi 140, bei ya mbuzi wale. Hatukuandikiana. Alisema tu, "Utanipa ukiwa nacho." Nikanunua mbuzi, nikaoa. Kisha ikaja miaka ya njaa na mahindi ya njano kutoka Marekani, ambayo watu waliyaita Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi, na watu wakahamishiwa vijijini, na mshahara ukawa hautoshi. Kila nilipomtajia deni lake alisema, "Bado hujawa nacho." Mwaka 1977 akafa kwa homa ya siku nne.

Nilichimba kaburi pamoja na wengine. Nilibeba jeneza. Nilitoa rambirambi shilingi 20, na jina langu likaandikwa kwenye daftari. Baada ya kuzika, msemaji wa familia akasimama, akatangaza kama ilivyo desturi yetu: kama yupo anayemdai marehemu, aje kwa familia, na kama yupo ambaye marehemu anamdai, naye aje. Tangazo hilo kila mtu amelisikia mara nyingi. Mimi pia nilikuwa nimelisikia mara nyingi, tena nikidhani kwamba ni maneno ya kumalizia tu.

Nilitazama udongo kwenye viatu vyangu. Nilikuwa nimesimama hatua kama kumi kutoka kwa kaka wa marehemu. Nilijiambia kwamba mfukoni sina kitu, nitakuja kesho. Kesho nikajiambia kwamba wafiwa wana mambo mengi. Baada ya arobaini nikajiambia kwamba hakuna anayejua. Na baada ya mwaka, jambo hili ndilo linalonitisha, sikujiambia kitu chochote. Deni lilikuwa limelala. Hakuna aliyedai, basi sikudaiwa. Mjane alikuwa amekwisha chukuliwa na jamaa zake kwenda kwao, upande wa Mombo.

Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi baada ya hapo. Mtoto akiokota penseli isiyo yake, nilimsimamisha mstarini tukampigia makofi alipoirudisha. Nilikuwa mkali sana katika mambo hayo.

Nataka kuwa mwaminifu juu ya hoja nilizokuwa nazo, maana si za kipuuzi, na kila mtu anazijua. Hoja ya kwanza ni kwamba haki ni ya mwenyewe, naye amekufa. Lakini dini yangu inanifundisha kinyume, kwamba madeni ya marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana kitu, na anachowia watu ni sehemu ya urithi. Tangu madrasa nilijua kwamba deni na dini, huko Uarabuni yalikotoka maneno hayo, huandikwa kwa herufi zile zile tatu, na nilikuwa nimewatajia hivyo watoto wengi kama jambo la kufurahisha. Hoja ya pili ni kwamba fedha yenyewe imekwisha kufa. Kufikia mwaka 2001 shilingi 140 haikutosha kununua chupa moja ya soda, ningepeleka nini? Hoja ya tatu ndiyo iliyokuwa na nguvu: kama angetaka, angedai. Asiyedai amesamehe.

Hoja hii ya tatu niliivunjiwa na watu ambao hawakuwa wakizungumza nami.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, walifika Handeni wakimbizi kutoka huko wakiwa na jambo la ajabu: walizungumza Kizigua. Waliwekwa Mkuyu, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, huku huku wilayani kwetu; baadaye wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Habari yao inajulikana. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwashika Wazigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula. Wengine walijiweka rehani, wengine waliwekwa rehani na jamaa zao wenyewe, wengine waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakapandishwa majahazi na kujikuta watumwa katika mashamba ya Somalia. Baadaye walitoroka wakaenda kukaa kando ya Mto Juba, na mapokeo yao husema aliyewaongoza ni mwanamke, Wanankhucha. Huko walitunza lugha yao zaidi ya miaka mia moja na hamsini, mpaka siku wajukuu wa wajukuu wao waliposhuka Handeni na kuamkia watu kwa maneno ambayo vijana wetu wa mjini walikuwa wamekwisha yasahau.

Jioni moja tulikaa barazani kwa mtu, tukizungumza juu yao. Kulikuwa na maneno kuhusu ardhi. Kijana mmoja, mwenye akili na mwenye kusema sawasawa, akauliza, "Lakini hawa wanatudai nini?" Watu wakanyamaza, maana ni kweli, hawakuja wakidai kitu. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa akisuka ukambaa, ambaye nilidhani hasikilizi, akasema bila kuinua macho, "Hawatudai. Lakini sisi tulikula."

Hakuongeza neno. Wengine walidhani anasema juu ya chakula cha jioni. Mimi nilimwelewa. Mtu akiwekwa rehani, kuna nafaka inayokuja badala yake, na kuna anayeila. Sisi tuliobaki ni uzao wa waliokula. Je, wale waliochukuliwa walinyamaza miaka yote hiyo kwa sababu walisamehe? Walinyamaza kwa sababu walikuwa Juba. Ukimya wao haukuwa jibu la swali lolote. Ulikuwa umbali tu.

Nilirudi nyumbani sikulala. Mke wangu akaniuliza, nikamwambia. Alikaa muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo mahari yangu haijalipwa." Sikujua kama anatania. Mpaka leo sijajua.

Hata hivyo nilichukua miaka mingine kabla ya kufanya kitu. Msomaji asinifanye mwema kuliko nilivyo. Mwaka 2001, likizo ya Desemba, nilinunua mbuzi majike wawili, nikaona kwamba kama shilingi imekufa, mbuzi hajafa. Nikapanda nao gari la mizigo kwa barabara ya vumbi hadi Korogwe, tukalala hapo, na kesho yake tukaendelea hadi kijijini kwa mjane. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia, nami pia bila shaka. Alinitambua kwa sauti. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana niliona si haki kukaa kwanza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawatazama mbuzi.

"Shemeji, hawa ni majike?"

"Majike, shemeji."

"Na wale wa mwaka ule?"

"Nao walikuwa majike."

Akahesabu kwa vidole. "Miaka ishirini na minane. Mbuzi wawili. Wako wapi wengine?"

Nilikuwa nimefikiri juu ya shilingi na soda, sikuwa nimefikiri juu ya jambo hilo. Nikasema wale niliwatoa mahari, kwangu hawakuzaa.

"Walizaa," akasema. "Una watoto wangapi?"

Nikasema watano. Akacheka kidogo, akanipa kigoda. Nilifurahi mapema mno. Alipokwisha kuketi aliniambia kwamba alikuwa akijua habari ya deni lile tangu mwanzo, kwa sababu mumewe alikuwa ameliandika kwenye daftari lake la maandalio ya masomo, ukurasa wa mwisho, jina langu na mbuzi wawili. Nikamwuliza, huku sauti yangu ikinisaliti, kwa nini basi hakunidai.

"Nilikuwa eda, shemeji. Ningetoka nije kukudai? Shemeji zangu waliulizwa, wakasema tangazo limetolewa na hakuna aliyekuja." Akanyamaza. "Nilipotoka eda niliuza cherehani, nikapata nauli ya kuja huku na watoto."

Cherehani ile niliijua. Niliwahi kulala chumba cha pili nikiisikia usiku, akishona sare za watoto wa shule yetu.

Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi sasa, na nililopata kuliona ni hili. Tukisema kwamba deni ni lile linalodaiwa, tumewapa haki wenye nguvu za kudai peke yao. Serikali hudai, benki hudai, mwenye duka hudai. Mjane aliye ndani ya eda hadai. Mtoto mdogo hadai, wala aliyechukuliwa jahazini. Neno kudaiwa linatufaa sisi wenye kukopa kwa sababu linatuacha tungoje mlangoni, tukijua ni nani hatafika. Sisemi kwamba Kiswahili kimeharibika kwa kupoteza neno moja. Lugha hupoteza maneno kama mti unavyopukutisha majani. Nasema kwamba mimi nililijua neno hili tangu utotoni, nikaliweka kando kwa makusudi.

Kabla ya kuondoka nilimwuliza, "Shemeji, nawiwa nawe kiasi gani sasa?" Nilikuwa tayari kwa jibu lolote, nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu ya bei ya cherehani moja.

Akatikisa kichwa. "Mwia wako yuko Handeni, makaburini. Mimi nimepokea mbuzi."

Akawapeleka kwenye mchungwa nyuma ya nyumba, akawafunga kwa kamba zake mwenyewe. Zile kamba nilizokuja nazo akazikunja vizuri, akanirudishia mkononi. "Hizi hukuzikopa," akasema.

Nilirudi nazo Korogwe kwa basi la jioni.